Kidole cha Biubwa na Maboga ya Darasa la Sita

Bibi Tatu wa Kisarawe alikuwa na makatazo mengi, na mjukuu wake Biubwa aliyajua yote kabla hajajua kuandika jina lake. Usikalie kinu. Usipige mluzi ndani ya nyumba. Usifagie usiku. Na usinyooshee boga changa kidole, maana litaozea palepale shambani. Ukitaka kumwonyesha mtu boga, kunja ngumi, uelekeze ngumi. Ukisahau ukanyoosha kidole, king'ate upesi kabla boga halijajua.

Biubwa aliwahi kuuliza boga hujuaje. Bibi alimjibu kwamba mtoto wa maswali kama hayo ndiye huyohuyo anayechelewa kuchota maji, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo.

Waliishi wawili tu, katika nyumba ya udongo yenye baraza pana, chini kidogo ya ofisi za wilaya. Wazazi wa Biubwa walifanya kazi katika kiwanda cha nguo Dar es Salaam. Walimwacha binti yao kwa bibi kwa sababu macho ya bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Walivyojua wao ulikuwa ukungu kidogo tu. Kila walipokuja, Bibi Tatu aliwahakikishia kwamba anaona vizuri, na ili wasibishe alitaja kitu kilicho mbali, kama mbuzi wa jirani, ambaye kwa kweli alikuwa amemsikia akilia.

Aliyeijua kweli ni Biubwa. Kila alasiri alitoka shule, akavua sare, akala, kisha akakaa na bibi barazani kusuka ukili. Ukili, kwa msomaji ambaye hajapata kuuona, ni utepe mrefu unaosukwa kwa ukindu, majani makavu ya mkindu. Ukishapata pima za kutosha, unaushona ubavu kwa ubavu, nao unakuwa mkeka. Bibi Tatu alisuka bila kutazama, kama wasukaji wote hodari, lakini kuchagua rangi ni kazi ya macho. Biubwa ndiye aliyemkabidhi chane za ukindu moja moja: nyekundu, nyeupe, kijani, nyeupe. Bibi alizipokea akisema, "Ndiyo, hii kijani nimeiona," na Biubwa aliitikia kwa adabu. Siku moja chane za kijani ziliisha. Badala ya kusema, Biubwa alimpa bibi za zambarau, na bibi akasema kijani ameiona. Biubwa alicheka moyoni, akanyamaza.

Mwaka huo, 1975, walikuwa wanasuka mkeka wa shangazi Sikudhani, kitinda mimba wa bibi, aliyeposwa na fundi seremala wa Mkuza, Kibaha. Kwa desturi ya kwao, bibi harusi haingii nyumba ya mumewe bila mkeka uliosukwa na mama yake. Harusi ilipangwa mwezi wa Desemba, korosho zikishavunwa. Bibi alisuka nusu na Biubwa nusu. Bibi alipenda kusema kwamba mkeka wa mikono minne hauchakai upesi, na Biubwa aliposikia hivyo aliongeza mwendo.

Shuleni nako kulikuwa na kazi. Siku zile kila shule ilikuwa na shamba lake, na darasa la sita lilipewa sehemu ya maboga. Mwalimu Gregori, mwalimu wao wa darasa, alimchagua Biubwa kuwa karani wa shamba kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Ijumaa moja ya mwezi wa Mei alimwagiza ahesabu maboga machanga na kuandika idadi yake, kisha yeye akaenda kwenye semina ya walimu ya wiki mbili.

Kuhesabu maboga kwa ngumi si kazi rahisi. Jaribu uone. Ngumi ni nene, majani ni mengi, na ukifika boga la kumi na mbili hujui kama ulishalielekezea au la. Biubwa alianza upya mara tatu. Mara ya nne jua lilikuwa kali, hakukuwa na mtu karibu, na kidole chake cha shahada kikanyooka chenyewe. Moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na nne. Alipomaliza ndipo alipokitazama kidole akaona alichofanya. Alikitia mdomoni akaking'ata. Kisha akawaza kwamba ng'ato moja haiwezi kutosha maboga thelathini na manne, akaking'ata tena mara sita, akaenda zake nyumbani na maumivu.

Baada ya siku kumi, maboga kumi na tisa yalikuwa yamegeuka manjano, yamelainika na kudondoka.

Darasa zima lilikutana chini ya dirisha la stoo. Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu aliyeyanyooshea maboga kidole. Waliuliza ni nani. Wa kwanza kuulizwa alikuwa karani mwenyewe: alihesabu vipi?

"Kwa ngumi," alisema Biubwa, na hata akaikunja ngumi akawaonyesha.

Macho yote yakahamia kwa Mfaume, ambaye wiki ile alikuwa na zamu ya kufukuza tumbili shambani. Mfaume alikana mpaka sauti ikamkauka. Lakini alikuwepo shambani, na wenzake walikuwa wamekwisha kumchoka kwa utani wake. Wakamtoa katika kazi ya shamba. Tangu siku hiyo alipewa kazi ya kuchota maji ya uji wa shule nzima, peke yake, na jina jipya: Kidole. Mwalimu Gregori aliporudi aliambiwa kwamba maboga yaliharibiwa na jua.

Kila mtu alipoita "Kidole, lete maji," aliyeshtuka ni Biubwa.

Mwezi wa Juni, ubavuni mwa kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia, karibu na kiungo cha juu, pakatokea kijinundu kidogo kama punje ya ulezi. Kilikuwa chini ya ngozi. Hakikuwasha wala hakikutoa usaha. Lakini asubuhi za kipupwe, alipotumbukiza mkono katika maji ya mtungi, maumivu yalimpanda kutoka kidoleni mpaka kwenye kiwiko, na ilimbidi asimame kwanza, afumbe macho, mpaka yapite.

Biubwa hakuhitaji mtu wa kumweleza. Alichukua boga na kidole akavipigia hesabu yake mwenyewe: maboga yameoza, sasa ni zamu ya kidole. Tena alisema uongo, na mwingine akaadhibiwa kwa ajili yake. Akimwonyesha bibi kile kijinundu, bibi atajua kwa nini kimetokea. Bibi akijua, shule itajua. Basi akaamua kukificha mpaka kioze chenyewe.

Akajifunza kushika kalamu kwa kidole cha kati. Mwandiko wake uliokuwa fahari ya darasa ukaanza kulala chali, na alipoulizwa alisema ameubadili kwa makusudi. Ukili nao akausuka kwa kukwepa. Chane inayopaswa kubanwa kwa kidole cha shahada aliibana kwa cha kati, na palipokuwa na baridi hakubana kabisa. Aliukunja ukili wake mwenyewe kila jioni ili bibi asiupapase. Kijinundu kikakua polepole, miezi ikaenda, na kufikia mwezi wa Novemba kilikuwa kama punje ya kunde.

Siku moja darasani alimkumbuka Matilda, rafiki yake wa dawati moja, ambaye aliwahi kufungwa uzi kwenye chunjua mpaka chunjua ikakauka ikadondoka. Biubwa akachomoa uzi kwenye pindo la sare yake na kufunga. Lakini chunjua huchomoza juu ya ngozi, na kile kijinundu kilikuwa chini yake, kwa hiyo uzi ukakibana kidole chote. Alivumilia somo la hesabu, akavumilia la historia. Alipofika nyumbani kidole kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi, na fundo lilikuwa limezama nyamani asiweze kulifungua.

Alasiri ile Bibi Tatu alitaka kujua zimefika pima ngapi. Akaomba ukili wa Biubwa, akaupitisha kati ya vidole vyake. Alipofika mahali pa karibuni, mkono ukasimama.

"Huu kasuka nani?"

"Mimi, bibi."

"Si wewe. Huu umelegea. Huu kausuka mtu mwenye hofu. Lete mkono."

Biubwa akatoa mkono wa kushoto. Bibi aliupapasa, akaurudisha kwenye paja la mjukuu wake, akaungoja wa pili. Ulipokuja aliushika, na vidole vyake vikaupata uzi mara moja. Biubwa alingoja kofi au swali. Havikuja. Bibi aliinama, akakitia kile kidole mdomoni, akautafuta uzi kwa ulimi na kuukata kwa jino. Kisha akaendelea kukishika kwa viganja viwili, huku damu ikirudi taratibu na Biubwa akilia kwa maumivu na kwa haya.

Alipotulia, bibi alikigusa kijinundu na kuuliza kimekuwepo tangu lini.

"Wiki mbili," alisema Biubwa. Ndivyo ulivyo uongo: ukishaupa kiti barazani, unadai na godoro.

Asubuhi iliyofuata walikwenda zahanati. Nesi Stellamaris, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alikibonyeza kidole, akakitazama dirishani kwenye mwanga, kisha akasema waziwazi kwamba hajui ni kitu gani, na kwamba yeye kitu asichokijua hakipaki dawa. Akaandika barua ya kwenda hospitali moja ya Kibaha kwa daktari wa upasuaji. Kibwana, baba yake Biubwa, aliomba ruhusa kazini akaja kuwachukua. Siku ya tatu walikuwa mbele ya Dakta Lucian.

Dakta Lucian alikuwa mtu mrefu aliyezungumza na mtoto kabla ya kuzungumza na wakubwa. Alimuuliza Biubwa kinauma saa ngapi, kinauma zaidi kwenye joto au kwenye baridi, na je, kidole kinakunjika. Biubwa alijibu vizuri. Kisha akaulizwa kimeanza lini.

"Wiki mbili," alisema.

Daktari aliacha kuandika. Akamgeukia Kibwana na kumweleza kwa sauti ya chini, ingawa chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia. Uvimbe wa kukua hadi kiasi kile kwa wiki mbili haukumpendeza hata kidogo. Uvimbe wa mbio namna hiyo huenda ukawa wa aina mbaya. Huenda akalazimika kukata mbali na palipovimba, pengine hata kukiondoa kipande chote cha juu cha kidole, kabla haujasambaa. Kibwana alijipangusa jasho. Bibi Tatu alimshika Biubwa bega, akamwambia asiogope, yupo.

Biubwa alikitazama kidole chake. Akisema kweli, shule nzima itajua habari ya maboga. Akinyamaza, watakata. Na mkono wa bibi ulikuwa bado begani mwake.

"Si wiki mbili," alisema. "Ni tangu mwezi wa Juni. Kilikuwa kama ulezi. Kimekua polepole."

Alipokwisha kuufungua mlango, yote yakatoka. Kidole na maboga, zile ng'ato saba, ngumi aliyowaonyesha wenzake, Mfaume na ndoo zake, uzi wa sare. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa, na alipomaliza hakuna aliyecheka. Dakta Lucian alichukua karatasi aliyokuwa akiiandika, akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine.

"Umenisaidia kuliko unavyojua," alimwambia. "Uvimbe wa wiki mbili na uvimbe wa miezi mitano kwangu ni vitu viwili tofauti. Unaokua polepole hivi mara nyingi hauna ubaya. Nitautoa huo peke yake, kidole nitakiacha. Halafu tutaupeleka Dar es Salaam ukatazamwe kwa darubini, ndipo tujue kwa hakika."

Alimdunga sindano ya ganzi chini ya kidole, na Biubwa alihisi kidole kinakuwa cha mtu mwingine. Kazi haikuzidi nusu saa. Mwishoni daktari alimwonyesha, ndani ya kichupa, kitu kidogo cheupe na cha mviringo, laini kama punje ya hindi bichi. Biubwa alishangaa. Miezi mitano alikuwa amebeba hofu ya mlima, na mlima wenyewe ulikuwa huo.

 Walipofika nyumbani Kisarawe bibi alikaa barazani, akaomba aletewe ukili wote wa Biubwa tangu pima ya kwanza. Akaufungua, akaupapasa taratibu. Pima nane za mwanzo zilikuwa zimebana sawasawa. Ya tisa ikaanza kulegea, kidogo tu, kisha zaidi, na kuendelea hivyo mpaka mwisho.

"Juni," alisema bibi. "Yote yameandikwa humu. Nilikusikia ukiukunja mwenyewe kila jioni nikasema mtoto amekuwa na bidii, sikuuliza." Akaukunja ukili. "Ungekuja kwangu, Biubwa."

"Niliogopa, bibi. Wewe ndiye uliyenikataza kuyanyooshea."

 Bibi Tatu alisema kwamba yeye alikatazwa na mama yake, na mama yake alikatazwa na bibi yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kunyoosha kidole akangoja aone. Alilia kidogo, akamkumbatia mjukuu wake, mkono wenye bandeji ukiwa umewekwa kando usibanwe.

Ilibaki shule. Jumatatu asubuhi Biubwa alimkuta Mfaume bombani na ndoo mbili. Alimwambia bila kuzunguka kwamba aliyenyoosha kidole ni yeye.

Mfaume aliweka ndoo chini. "Yote thelathini na manne?"

"Yote."

Mfaume alifikiri kidogo, kisha akasema yeye peke yake kusikia hakutoshi, maana waliomwita Kidole ni darasa zima. Alikuwa na haki. Biubwa akaenda kwa Mwalimu Gregori na kumweleza kila kitu, na mwalimu akalipeleka darasa lote shambani.

Maboga ya mvua za vuli yalikuwa yamekwisha kutunga. Tangu mkasa wa Mei, wanafunzi walipita pale mikono ikiwa nyuma, wanyonge kama wafungwa, na hakuna aliyethubutu hata kuhesabu. Biubwa alisimama mbele yao akasema aliyosema kwa Mfaume. Minong'ono ikaanza. Mwalimu Gregori aliwaacha wanong'one, kisha akaokota boga changa lililogeuka manjano na kuuliza ni nani aliyelinyooshea kidole hilo. Wote waliapa kwamba si wao. Akaokota la pili, la tatu. Hakuna.

Akatoa kisu, akalipasua la kwanza. Ndani mlikuwa na funza weupe, wembamba, wanajipindapinda. Aliwaeleza kwamba kuna nzi mdogo anayetoboa boga likiwa changa na kutaga mayai ndani. Mayai yanakuwa funza, funza wanakula, boga linaoza. Nzi huyo hajali ngumi wala kidole. Dawa yake ni kuyafunika maboga machanga kwa majani makavu, na kuyafukia chini sana yaliyooza badala ya kuyatupa pembeni, kama walivyokuwa wakifanya. Kwa hiyo wao wenyewe, aliongeza, ndio waliowalea wale nzi tangu mwezi wa Mei kwa kumkomesha Mfaume badala ya kupasua boga moja.

Hapo wote wakatazama chini. Mwalimu akamuuliza Mfaume anataka nini.

Mfaume alisema anataka jina lake. Na bandeji ikitoka, Biubwa achote maji ya uji mwezi mzima. Kisha akafikiri, akasema yeye atambebea ndoo moja, maana maji ya asubuhi ni ya baridi. Matilda akawa wa kwanza kucheka, na darasa likamfuata.

Wiki tatu baada ya upasuaji walirudi Kibaha kusikia majibu. Bibi Tatu hakulala vizuri siku mbili kabla, na Kibwana alivaa shati kinyume bila kujua. Dakta Lucian alifungua barua ya Dar es Salaam, akaisoma yote kimya, kisha akatabasamu.

Akaeleza. Mwilini mna misuli tunayoiamrisha, kama ya kukunja mkono, na mna misuli laini isiyongoja amri yetu. Misuli hiyo laini imo tumboni, na imo pia katika kuta za mishipa ya damu, hata ile midogo ya vidoleni. Ndiyo inayoibana mishipa wakati wa baridi, na pengine ndiyo maana maji ya mtungi yalimuuma Biubwa. Katika kidole chake, kijisehemu kimoja cha misuli hiyo kilikua kupita kiasi kikajifunga fundo. Si saratani. Hakisambai. Kimetoka chote, na hakuna sababu ya kufikiri kitarudi.

"Hutokea mara chache sana kidoleni," alisema. "Mimi ndio kwanza nimekiona. Na hakuna mtu anayejua kwa hakika kinaanzia wapi. Lakini hakikuletwa na boga, wala ng'ato, wala uongo. Ugonjwa si adhabu, Biubwa. Uongo wako haukukutia uvimbe. Ulichotaka kukufanyia ni kukukosesha kipande cha kidole. Mwili ukikuuma, sema, na sema tangu lini, hata kama pamoja na maumivu kuna jambo la aibu. Daktari hutibu kwa kile anachoambiwa."

Biubwa aliitikia. Daktari akamgeukia bibi, akamuuliza na yeye macho yake yanaendeleaje.

"Mimi naona, mwanangu," alisema Bibi Tatu, akikaa wima. "Kidogo ukungu tu. Hata hiyo kalamu yako naiona."

Daktari hakuwa na kalamu mkononi. Kibwana alitazama dirishani. Biubwa alimtazama bibi yake, akajua kwamba akisema atamwaibisha, na asiposema atakuwa amekaa pale pale alipokaa tangu Juni.

"Bibi haoni, daktari," alisema taratibu. "Rangi hazijui tena. Mimi ndiye ninayempa chane. Na mbuzi wa jirani huwa anamsikia tu."

 Kisha mabega ya Bibi Tatu yakaanza kutikisika, na ikachukua muda kujua kwamba anacheka, ingawa machozi yalikuwa yanamtoka.

"Haya," alisema. "Niliogopa mkijua mtaninyang'anya ukili wangu, mnikalishe pembeni kama mzigo. Mtoto huyu nimemfundisha mambo mengi ya kutofanya. Sikumfundisha kwamba akishayafanya, bado aje kwangu. Hilo ndilo nililopaswa kuanza nalo. Amelijua mwenyewe, na kaanza kwa kunichongea mimi." Akauinua uso kuelekea sauti ya daktari. "Ni kweli, sioni. Ni mwaka wa tatu huu."

Mkeka ulikamilika kwa wakati, na shangazi Sikudhani akaingia nao nyumbani kwake Mkuza mwezi wa Desemba. Bibi alikataa kabisa ule ukili uliolegea ufumuliwe. Ulishonwa katikati ya mkeka. Mwezi wa Machi alitolewa mtoto wa jicho huko Dar es Salaam, jicho moja kwanza, akapewa miwani minene kama kitako cha chupa. Safari yake ya kwanza akiwa nayo ilikuwa kwenda kumtembelea Sikudhani.

Sikudhani aliutandika mkeka barazani. Bibi Tatu aliinama akaupapasa ule ukili wa katikati, akautambua. Kisha akairekebisha miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Hii zambarau imetoka wapi?" aliuliza. "Mimi nilisuka kijani."

 Biubwa alikuwa amekwisha kuisahau zambarau. Kwa dakika moja majibu ya zamani yalimjia yenyewe: labda ni jua, labda ni rangi mbaya ya dukani.

"Ni mimi, bibi," alisema. "Kijani iliisha, nikakupa zambarau. Ukasema kijani umeiona, nami nikanyamaza."

Bibi Tatu aliinua uso akamtazama mjukuu wake, alivyokuwa amekua katika miaka ile mitatu. Akasema kumbe walikuwa wanadanganyana wote wawili. Kisha akauchukua mkono wake wa kulia, akakipata kidole chenye kovu, akakinyoosha kuelekea kwenye mkeka.

"Hebu nionyeshe vizuri," alisema. "Imeanzia wapi, imeishia wapi?"

Na Biubwa akamwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka mwisho wa mkeka.